Anayefungwa Anaachia Padi

Mwezi unapokaribia kupevuka, Mwaloni, soko la dagaa la hapa Mwanza, hupoa. Dagaa huvuliwa gizani, kwa taa. Mbalamwezi ikishatanda ziwani taa haifui dafu, dagaa hawakusanyiki, na wavuvi wanavuta mitumbwi nchi kavu, wanashona nyavu, wanakwenda kusalimia familia. Kwa sisi wenye stoo pale Kirumba hizo ni siku kama kumi za kuhesabu magunia yaliyokwisha kuhesabiwa.

Kwa hiyo nikikuambia kwamba nacheza Tekken, ile gemu ya mapigano, kwa kufuata mwezi, usidhani natania. Wakati wa giza, saa kumi alfajiri mimi niko mwaloni na tochi, nasubiri mitumbwi. Mwezi ukitoka ndipo ninapopata usiku wa kwangu.

Niliacha kucheza Desemba 2020. Sina kisa cha kusikitisha cha kukupa. Nilihitaji mtaji, PS4, mashine yangu ya gemu, ilikuwa na thamani, nikaiuza, nikanunua magunia. Kinachoniuma hadi leo ni tarehe. Mwezi mmoja tu kabla yake, Novemba, Tekken 7 ilikuwa imepata sasisho lililoboresha mechi za mtandaoni na kuanza kukuonyesha kama mpinzani wako anatumia waya au Wi-Fi. Yaani nilivumilia miaka miwili ya barabara mbovu, na lami ilipowekwa nikauza baiskeli.

Nimerudi Julai 2025, na mashine niliyorudia si yangu. Ni PS5 ya shemeji, aliyehamishiwa Bukoba kikazi akaogopa kuipakia melini. Ndani yake kulikuwa na Tekken 8, iliyotoka tarehe 26 Januari 2024. Maana yake wakati nahesabu magunia, wenzangu walishakuwa na mwaka na nusu wa kuizoea. Na nilifika miezi mitatu baada ya sasisho la Aprili lililowaudhi wachezaji dunia nzima, wakalilalamikia kila pahali. Kila niliyekutana naye alikuja na hasira zake tayari, akazimalizia kwangu.

Usiku wa kwanza nilicheza mechi 12. Nilishinda moja, na hiyo moja mwenzangu alikatika mtandao.

Watu husema vidole havisahau. Ni kweli, na hapo ndipo penye balaa. Vidole vyangu vilikumbuka kila kitu cha mchezo ambao haupo tena. Namchezesha King, yule mwanamieleka mwenye kinyago cha jaguar, paka mkubwa anayefanana na chui, ambaye tangu utotoni tulimwita Chui na hakuna aliyewahi kutuuliza jina lake halisi. Na mimi na King wangu tulikuwa watu wa ndoana. Tunakaa, tunazuia, tunangoja mwenzetu apitilize ngumi, halafu tunamkaba na kumtupa. Tekken 7 ilituvumilia watu wa namna hiyo. Tekken 8 haitutaki. Imeleta kitu kinachoitwa Heat: mara moja kila raundi mpiganaji anaweza kuwaka, na kwa sekunde chache anazowaka hata ukizuia pigo lake damu inakupungua. Damu hiyo unaweza kuirudisha, lakini kwa kushambulia, si kwa kukaa. Watengenezaji wake wameamua kabisa kwamba mtu wa ndoana aamke, aingie majini.

Sasa wewe fikiria mtu aliyezoea kujificha nyuma ya mikono yake, anatazama mstari wa damu ukichuruzika na mikono iko palepale, imezuia kila kitu kwa usahihi. Nilikuwa nakufa nikiwa sahihi.

Nilidhani tatizo ni laini ya mtandao. Nikaanza kuchunguza laini, kwa sababu mwanaume akifungwa hutafuta kwanza fundi.

Neno fremu hapa mjini lina maana moja: chumba cha biashara ambacho mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita mkupuo. Kwenye michezo ya mapigano fremu ni picha moja kati ya picha 60 zinazopita kwenye skrini kila sekunde, yaani kama milisekunde 17 hivi. Ngumi fupi ya haraka, ile ambayo karibu kila mpiganaji anayo, huchukua fremu 10 kufika. Hiyo ni sehemu ya sita ya sekunde. Huwezi kuiona kwanza, ukatafakari, ukajibu. Inabidi uwe umeshaijua kabla haijatoka.

Mashine za wachezaji wawili huzungumza zenyewe kwa zenyewe, na mazungumzo yao yana safari. Mwanga ndani ya nyaya za kioo husafiri kilomita kama 200,000 kwa sekunde, unaona ni nyingi, mpaka uanze kuhesabu njia. Kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000. Hapo ndipo unazama baharini, unapanda Bahari ya Shamu, unaibukia Ulaya, unamkuta Mjerumani amekaa na juisi yake. Kwenda na kurudi, kwangu, ilisoma milisekunde 160 na ushee. Habari ya ngumi yake inanifikia ikiwa imechelewa karibu fremu tano, nusu ya maisha ya ngumi yenyewe.

Ili usigande kwa kusubiri habari, mchezo wenyewe unapiga ramli. Unakisia kwamba mwenzako anaendelea kufanya kile alichokuwa anafanya fremu iliyopita, unasonga mbele. Habari kamili ikifika na ramli ikawa ya uongo, unarudisha muda nyuma, unasahihisha, unazikimbiza picha zifike zilipopaswa kuwa. Yote hayo kabla hujapepesa jicho. Wewe unachoona ni mtu aliyekuwa amesimama kwa heshima zake, ghafla mguu wake uko shingoni mwako.

Basi nikanunua waya wa mita 20. Ukatoka kwenye ruta ukumbini, ukapita juu ya mlango wa jikoni, ukaingia dirishani. Siku ya tatu nilikuta taulo mbili na khanga zimeanikwa juu yake. Sikusema kitu. Laini ilitulia kweli, nikaacha kuwakwaza watu kwa Wi-Fi, nikaanza kupata wapinzani wa Nairobi na Afrika Kusini ambao mwendo wao ulikuwa mzuri. Na nikaendelea kufungwa vilevile. Sasa nafungwa kwa picha safi.

Ilinichukua mwezi mwingine, wa angani namaanisha, kuelewa nini hasa kilikuwa kimeniponyoka. Na nilielewa kwa kumkumbuka mtu ambaye sikuwahi kumpenda: mwenye banda la gemu pale Mabatini.

Banda lilikuwa la mabati, na kama unavyojua jina la mtaa, hilo halishangazi. Ndani TV tatu za chogo, PlayStation tatu za kwanza zilizopinduliwa chali ili zisome sidii zilizochubuka, benchi moja ya mbao, na joto la kuivisha maandazi. Ilikuwa kama 2003. Tekken 3. Shilingi 50 mchezo. Unaweka sarafu yako juu ya TV, inakaa kwenye mstari na za wenzako, na sarafu yako ikifika mbele ndiyo zamu yako. Sheria ilikuwa moja, hata mtoto wa mwenye banda alikuwa chini yake: anayefungwa anaachia padi, kile kidude cha vitufe cha kuchezea. Anasimama, anaenda nyuma, na kama ana sarafu nyingine anaipanga mwisho wa mstari. Eddy, yule Mbrazili wa kapoera, alipigwa marufuku siku za Jumamosi, maana mtoto wa darasa la pili asiyejua kitu angeweza kufinya vitufe viwili vya mateke kama anakamua chungwa na akamtoa mtu mzima. Palizuka ngumi za kweli mara mbili kwa sababu ya Eddy.

Sitaki kulipamba lile banda. Nilichapwa viboko kwa kutoroka shule kwenda kule, na nilistahili. Mwenye banda alikuwa anazima umeme wa TV moja makusudi ili mdhani mashine imeharibika, mhamie kwenye foleni nyingine, na sarafu iliyokuwa juu ya TV ikawa yake. Lakini foleni ile, bwana. Ukifungwa unakaa nyuma dakika 20, wakati mwingine saa nzima, huna la kufanya ila kutazama. Unamtazama yuleyule aliyekutoa akimtoa mwingine kwa pigo lilelile. Mara ya kwanza unasema ana bahati. Mara ya pili unasema huyu ananiudhi. Mara ya tatu unaona bega: kumbe kabla ya kukaba anasogea nusu hatua mbele, kila mara. Mkono wa kushoto ukitangulia, unajinasua kwa kitufe cha ngumi ya kushoto. Wa kulia, kwa cha kulia. Yote miwili, vyote viwili. Mambo hayo sikuyasoma mahali. Niliyaona nikiwa nimesimama, nimenuna, sina sarafu.

Na wasimamaji wenyewe walikuwa na kazi yao. Babu yangu, aliyekuwa mtu wa Bagika mpaka kufa kwake, alipenda kutueleza jinsi ngoma zinavyoshindana Usukumani. Bagika na Bagalu wanacheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, kila upande na wafuasi wake, na hakuna jaji wa maana kuushinda umati: watu wakihama upande wako kwenda kutazama kule, umefungwa. Msimu wa Bulabo kule Bujora utayaona haya kwa macho yako. Ndivyo ilivyokuwa kibandani. Ukicheza vibaya, hata kama unashinda, watu wanageukia TV nyingine. Kuona migongo ya watu ilikuwa adhabu kubwa kuliko kupigwa.

Mtandaoni hakuna anayekugeuzia mgongo. Ukifungwa inatokea sehemu ya kuchagua marudiano, na kidole kiko juu yake tayari. Unabonyeza. Unafungwa. Unabonyeza. Hujasimama, hujanywa maji, hujamtazama mtu yeyote akifungwa badala yako. Miaka ya Tekken 7 niliizoea hali hiyo kidogokidogo, kama mtu anavyozoea chumvi. Baada ya kukaa nje miaka mitano niliionja upya na ikanichoma. Kilichokuwa kimeniponyoka hakikuwa kasi ya vidole. Vidole viko sawa, nafunga magunia kutwa. Nilikuwa sina tena ile saa ya kusimama nyuma.

Hili nililithibitisha kwa njia ya aibu. Tekken 8 ina mzimu. Wenyewe wanauita Ghost: akili bandia inayokutazama unavyocheza, inakusanya tabia zako, halafu inakutengenezea nakala yako ambayo mtu yeyote anaweza kupigana nayo, hata wewe mwenyewe. Mpwa wangu, ana miaka 15, anakaa kwetu kwa ajili ya shule, aliomba acheze na mzimu wangu kwa sababu mimi nilikuwa nimekwenda kuoga. Niliporudi alikuwa ameupiga mara sita.

"Mjomba," akaniambia bila kugeuka, "huu mzimu wako haukasiriki, si mashine? Lakini unacheza kama mtu aliyekasirika."

Nikakaa nikautazama. Ilikuwa kama kusikia sauti yako kwenye simu ya mtu. Kila ukiangushwa chini, mzimu unainuka na teke la chini. Kila mara. Ukizuiwa, hautulii, unarusha lingine. Na raundi ikiwa imewaendea vibaya, wewe na mzimu wako, ndipo unaporuka kuja kukaba ukiwa mbali kabisa, mahali ambapo hata Chui mwenyewe asingefika. Mimi, mtu wa ndoana! Nilikuwa nimejiaminisha kwamba nafungwa kwa uvumilivu wa kizamani. Kumbe uvumilivu ulikuwa wa raundi ya kwanza tu, kuanzia ya pili ni mtu anayebonyeza marudiano kwa miguu.

Kuna jambo jingine la mchezo huu ambalo nilikuwa nalipuuza na sasa ndilo nalitumia kuliko mechi zenyewe. Unaweza kufungua marudio ya mechi yako, ukaisimamisha pale ulipokosea, ukachukua padi na kucheza kuanzia hapo, mara nyingi utakavyo, na pembeni inakuonyesha ulipaswa kujibu kwa pigo gani. Ni kama kupewa ruhusa ya kurudi kwenye ugomvi wa jana ukiwa na lile jibu lililokujia kitandani. Lakini hata hiyo unafanya peke yako. Ni foleni ya mtu mmoja.

Kila ninapowaza habari ya foleni namkumbuka Arslan Ash. Wasiomjua: ni mchezaji wa Tekken, kijana wa Lahore, Pakistan. Mwaka 2019 alifika kwenye mashindano ya Evo Japan baada ya misukosuko ya viza na ndege, hakuna aliyemjua, na akawatoa wakubwa mpaka akachukua ubingwa. Mwaka uleule akachukua na Evo ya Las Vegas. Watu walipomuuliza alikotokea, alisema nyumbani wako wengi wa kiwango chake. Dunia ilidhani ni unyenyekevu, mpaka Wapakistani wengine walipoanza kutokea na kupiga watu. Yeye akaendelea kushinda Evo, 2023 kwa Tekken 7 na 2024 kwa Tekken 8. Wale vijana hawakukua kwa laini nzuri ya mtandao. Walikulia kwenye mabanda ya gemu, bega kwa bega, mmoja anacheza na wengine wanamtazama. Nilisoma habari zake mwaka ule nikafurahi tu kwamba mtu wa nchi isiyotajwa amewakalisha Wakorea na Wajapani. Safari hii nimezisoma nikiliwaza benchi la Mabatini.

Kwa hiyo tangu Oktoba nyumbani kwetu Kitangiri kuna sheria. Siku za mwezi, kuanzia saa mbili usiku, padi ni moja, tunaingia mtandaoni kwa jina langu, na anayefungwa anaachia. Hakuna kubonyeza marudiano. Tulianza wawili, mimi na mpwa. Akaja kijana wa nyumba ya pili, fundi wa injini za mitumbwi, mikono yake ina oili mpaka nimemwekea kitambaa chake. Akaja dada wa kibanda cha uwakala wa pesa pale kona, ambaye alisema anapita tu kuomba chaja, kumbe ni mtu wa Eddy. Tumemruhusu. Dunia imebadilika, na isitoshe anamjua Eddy kweli, si mkamuaji machungwa.

Ngazi yangu ya mtandaoni imeteseka, sitakuficha. Jina langu linapanda mikononi mwa yule dada na kushuka mikononi mwa fundi, kila atakayekutana nalo anakutana na mtu tofauti, na mzimu wangu sasa hivi sijui ni nani. Mke wangu anasema umekuwa mzimu wa ukoo.

Lakini mimi nimeanza kuona mabega tena. Wiki iliyopita, nikiwa nimesimama nyuma ya mpwa, niliona jambo ambalo nisingeliona nikiwa nimekaa. Jamaa mmoja wa Afrika Kusini, akiwaka, siku zote anapiga mapigo mawili ya juu halafu anatulia kidogo kabla ya la chini. Kidogo sana, kama mtu anayevuta pumzi. Sikusema. Kibandani kumwambia aliye kwenye padi ilikuwa kosa, ulipigwa kofi la kisogo. Mpwa akafungwa, dada akakaa, akafungwa, na nilipopata zamu yangu jamaa alikuwa ameshaondoka. Ndivyo ilivyo.

Juzi mwezi ulikuwa umeanza kumegeka, na jioni nilishapigiwa simu kwamba mitumbwi ingetoka usiku wa pili yake. Ulikuwa usiku wa mwisho. Tulimpata mtu wa Nairobi, naye anachezesha King, Chui kwa Chui, na mwendo ulikuwa mzuri kama tuko chumba kimoja. Mbili kwa mbili. Raundi ya tano akaniangusha, nikalala pale chini, na nilijua, vidole vilijua, teke la chini linakuja. Nikavizuia. Nikainuka taratibu nimekinga. Yeye akaja kukaba, mkono wa kulia ukatangulia, nikabonyeza kitufe cha kushoto.

Nyuma yangu fundi akacheka mpaka akakaa chini. Mpwa hakusema neno, alinyoosha tu mkono na kufungua kiganja, macho yakiwa kwenye skrini. Nikaweka padi pale. Nilikuwa wa nne kwenye foleni, kwa hiyo nikaenda jikoni kupasha ugali wangu, nikainama kupita chini ya waya na taulo zake, na nikala nimesimama mlangoni ili nisipitwe.